Barabara ya Kilwa

Dar es Salaam kuna barabara iitwayo Barabara ya Kilwa. Huanzia Bendera Tatu, ikapita Mtoni na Mbagala, na siku hizi imewekewa hata njia za mabasi yaendayo haraka. Kwa miaka mingi mgeni aliyekisoma kibao chake angeweza kudhani kwamba akiifuata tu, bila ya kupinda kulia wala kushoto, jioni atakula wali wa nazi Kilwa kwa wenyewe. Sisi tuliozaliwa Kivinje tulikuwa tukikisoma kibao kile kama mtu asomavyo hati ya mdeni asiyelipa. Jina lilikuwapo mjini. Barabara yenyewe, kwa karibu nusu ya mwaka, haikuwapo.

Naandika haya nikiwa Unguja, ambako nimekaa zaidi ya miaka 20, na najua kwamba wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa bahari na wa mashairi. Watu wa namna yetu hatuna mazoea ya kuisifu lami. Tukisikia kuwa serikali inapanua barabara kuu na kuiunga mikoa kwa mikoa, sisi huyakumbuka majahazi tukaanza kuomboleza. Nami nimewahi kuomboleza, tena kwa vina na mizani. Lakini kila nikifika katikati ya ubeti huikumbuka Ndundu, na wino ukanikauka.

Lugha yetu ina mzaha wake katika jambo hili. Neno barabara, ukiurudisha mkazo nyuma silabi moja, si njia tena; huwa na maana ya sawasawa, ipasavyo. Marehemu mama yangu, kila alipoulizwa na wageni habari za njia ya kwenda Dar es Salaam, alikuwa na jibu moja: “Barabara ipo, ila si barabara.” Wageni walicheka. Nasi tulicheka.

Mwanzoni mwa 1998 mvua zile zilizoitwa El Niño zilikuwa hazijakoma tangu miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Mama aliugua tumbo, ugonjwa ukapanda, tukaambiwa apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Usiku ule tulikaa barazani kushauriana. Mjomba wangu, mdogo wake mama kwa baba na mama, alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua boriti, chumvi na nazi kupeleka Dar es Salaam na huku visiwani. Alitoka nje akasimama kitambo, akarudi amenyamaza. Hatimaye akasema:

“Dada, huu ni msimu wa kaskazi. Laiti ningekuwa nakupeleka Lindi au Mikindani, upepo ungetusukuma wenyewe. Kwenda kaskazini sasa ni kubisha mchana na usiku, na kubisha na mgonjwa ni kumtesa. Ungeugua wakati wa kusi ningekuchukua mimi mwenyewe.”

Mama, ambaye ulimi wake haukumwacha hata katika maumivu, alimjibu, “Basi ndugu yangu, niwie radhi kwa kuugua kabla ya msimu.”

Tukachagua nchi kavu. Tulipata lori Nangurukuru, tukamlaza juu ya magunia. Hadi Somanga tulikwenda, ingawa kwa kusuasua. Baina ya Somanga na Ndundu pana kilomita 60, na sijui nizieleze vipi kwa mtu ambaye hakuzipita zama zile. Magari yalikuwa yamezama hadi milangoni, utingo wakichimba na abiria wakisukuma, na akina mama wakipika uji kando kana kwamba pale ndipo kwao. Zilituchukua siku mbili. Tulipofika mtoni tuliukuta Mto Rufiji umeacha kuwa mto, umekuwa bahari ya kahawia yenye miti inayoelea. Pantoni lilikuwa limefungwa kamba ukingoni, na hakuna aliyethubutu kulifungua, wala siwalaumu. Tulilala pale usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Usiku wa nne, karibu na alfajiri, mama aliomba maji. Nilipomletea hakuyahitaji tena.

Wanawake wa Kindengereko waliokuwa hawamjui walimwosha. Wanaume nisiowajua majina hadi leo walichimba kaburi penye kinyanyuko, mahali ambapo maji hayakufika. Mwili hauwezi kungoja mto. Tukamzika hukohuko, baina ya kwao na alikokuwa akienda.

Ni baada ya hapo nilipoanza kuisoma njia ile katika vitabu. Kwa karne nyingi watu wa Kilwa hawakuihitaji. Ibn Battuta alipotuzuru mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, alikuja kwa chombo na kuondoka kwa chombo. Na lile kasri la Husuni Kubwa, ambalo mabaki yake yangali kisiwani, limejengwa juu ya jabali likitazama maji. Aliyekuwa na hiari yake alisafiri baharini. Njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini ilikuwa na wasafiri wengine.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na manowari za Waingereza zikawa zinavizia vyombo vitokavyo Kilwa. Wafanyabiashara hawakuiacha biashara. Waliiteremsha kutoka chomboni wakaiweka barabarani. Watu waliokwisha kutembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kivinje walitembezwa tena, kandokando ya pwani, wakavushwa Rufiji, wakapelekwa hadi kwenye bandari za kaskazini kama Pangani ili wavushwe Pemba. Mwingereza mmoja aitwaye Elton alipita njia hiyo kwa miguu mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, na misafara aliyopishana nayo ilikuwa na watu kwa maelfu. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Sisi wa visiwani tusome hapo polepole: dhoruba ya 1872 ilikuwa imeiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mikarafuu ya Pemba ilitaka mikono. Kwa hiyo njia aliyoishia mama yangu ilifunguliwa kwa nyayo za watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda.

Wajerumani nao walikuja na kodi, pamba na shokoa. Ukiwa ndani ya basi, ukiipita Somanga kuja kusini, tazama upande wa magharibi utaviona vilima vya Matumbi. Huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Lindi ilimtoa mshairi wa kuvisimulia, Abdul Karim bin Jamaliddini, na utenzi wake ulichapwa 1933. Waingereza nao, kwa ajili ya karanga zao za Nachingwea, walijenga reli kutoka Mtwara. Karanga zikakataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Nimemjua mzee mmoja aliyekuwa na kipande cha reli hiyo, akikigonga kuwaita watoto chuoni. Hilo ndilo faida pekee ya reli niliyoiona kwa macho yangu.

Mambo yaligeuka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Rufiji, refu karibu kilomita moja, likapewa jina la Rais Mkapa. Wenye ndimi walisema mtu wa Masasi kajijengea njia ya kwenda kwao. Na iwe hivyo. Walikuwapo wa kwingineko kwa miaka 34 na hawakulijenga. Hata hivyo daraja si barabara. Mwaka uliofuata, 2004, gesi ya Songo Songo ilianza kusafiri: inapita chini ya bahari, inaibukia Somanga, inakwenda Ubungo ndani ya bomba lake bila ya kukwama popote. Binadamu waliobaki juu ya ardhi hiyohiyo waliendelea kuzama katika kilomita zile 60, kwani lami ya Ndundu na Somanga haikukamilika mpaka katikati ya muongo wa 2010. Nilipoipita mara ya kwanza ikiwa na lami nilitazama saa. Haikutimia saa moja.

Tangu hapo nina ada yangu. Basi linapoingia darajani namsomea mama Fatiha moja na Kul-huwallahu tatu. Naanza tairi linapopanda, na nikikawia kidogo nakuta tumeshatua ng'ambo. Zamani niliona kama daraja linanifanyia haraka. Sasa nimezoea, nakata pumzi mapema.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliitanua hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kila mahali kukawa na kuta zilizochorwa alama ya X, nyekundu kwa wasiostahili kitu na ya kijani kwa watakaolipwa. Siwapingi wapimaji, barabara bila ya nafasi ni kichochoro. Lakini mwaka mmoja niliteremka Ndundu, nikasimama katikati ya lami ilipokuwa tupu, nikahesabu hatua hadi kaburini. Watoto waliokuwa wakiuza maembe walinifuata wakidhani nami ni mpimaji. Mmoja aliniuliza, “Babu, hapa nyumba ya nani inavunjwa?” Zilikuwa hatua 140 na kitu. Nikanunua maembe yake yote.

Ama hasara, ipo, na ningekuwa mwongo kuificha. Barabara kuu haikuingia Kilwa, ilipita Nangurukuru, na utingo akipiga kelele “Kilwa, Kilwa!” ujue hapo ni njia panda tu, na wewe una safari nyingine ya kwenda Masoko au Kivinje. Mji wetu ulikuwa mlangoni, sasa umo uani. Nyumba za mawe za Kivinje zinaanguka moja moja, na aliye ndani ya basi la Mtwara hana habari. Pweza anayevuliwa asubuhi huwa ndani ya barafu kabla ya jua kutua, akielekea Dar es Salaam, na mpwa wangu huniambia kuwa mchuzi wa pweza nyumbani umekuwa mambo ya sikukuu. Anayemvua, nikiri, analipwa kuliko alivyolipwa baba yake.

Majahazi ndiyo yaliyolipa zaidi. Tajiri mwenye boriti alipoona lori linafika Dar es Salaam siku hiyohiyo, msimu wowote, hakuwa na sababu ya kumngojea nahodha angojeaye upepo. Mjomba alivumilia miaka kadhaa, akapunguza mabaharia, akauza tanga, mwisho akaliacha jahazi lilale ubavu matopeni pale Kivinje. Watu waling'oa mbao zake moja moja. Nilipomwendea na shairi langu la maombolezo, alilisikiliza hadi kituo cha mwisho, akasema, “Mwanangu, limepangika. Lakini wewe unalililia jahazi kwa kuwa hukulala ndani yake. Mimi nililala, na kila mwaka kaskazi ikivuma namsikia dada yangu akiniomba radhi.” Sijalichapisha shairi lile.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zake, na barabara ikakatika mahali kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwamo. Makalvati yalichukuliwa, lami ikaning'inia kama ulimi. Mabasi na malori yalipanga mistari huku na huku ya maji, na maelfu ya abiria wakalala njiani kama tulivyolala sisi. Nilikuwa Unguja, simu mkononi, kwa sababu mpwa wangu alikuwa upande wa kusini wa maji na mtoto wake wa miaka mitatu mwenye homa isiyoshuka, aliyekuwa akipelekwa mjini. Nilipomsikia akisema “tumekaa tu, hatujui,” mikono ilinitetemeka, maana sauti yake ni ya mama mtupu.

Nilimpigia mjomba. Amepita miaka 75, haoni vizuri, lakini masikio anayo. Nilimweleza. Alinyamaza nikadhani simu imekatika.

“Kimbunga kishapita?” aliuliza.

“Kimepita, mjomba.”

“Sasa kunavuma kusi?”

Nilimwambia kuwa kunavuma kusi.

“Basi huu ndio wakati wake,” alisema, na nikamsikia akiinuka kitandani. “Mlete mtoto ufukweni, kesho jioni ni Dar es Salaam.” Kisha akatulia. Nilisikia fimbo yake ikigusa sakafu, na sauti ya mkewe ikimuuliza anakwenda wapi usiku ule.

“Chombo kiko wapi?” aliniuliza mjomba.

Siku ya pili yake watu walimvusha mtoto mabegani, maji yakiwafika kiunoni, wakampandisha gari lililokuwa limegeuza upande wa pili. Alipona. Baada ya siku chache magari yalianza kupita tena, moja moja, juu ya mawe yaliyojazwa.