Mwito Usiofika Jebel

Nomino "mwito" hutokana na kitenzi "ita". Nao mwito usiosikika haumwokoi mtu. Hapa Jebel ndugu zangu wanachanga fedha wanunue pikapu kuukuu, nami nimeombwa niikague. Breki na injini, fundi atazisikiliza. Iko, hata hivyo, hatari isiyo na sauti. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ambayo kemikali yake ya kulipuka huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ajali itokeapo, kasha laweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, yakiwamo ya Toyota na Honda. Mwaka 2017 Takata ikafilisika. Lakini barua ya mwito humwendea mwenye gari aliyeandikishwa. Gari likishavuka Mombasa na Nimule, nani atamwandikia mnunuzi wa Juba? Basi, kabla ya kulipa, nakili namba ya chesisi, kisha uitafute katika tovuti ya mtengenezaji. Muuzaji akikuficha namba hiyo, funga mkoba wako uondoke. Kuuliza ni haki yako. Na uhai hauna kipuri.