Kwa Mkapa Nimefika, Lakini Mzuka Wenyewe Upo Ifakara

Wadau, kuna ubishi mmoja hauishi mitandaoni: uwanja gani Bongo una mzuka kuliko vyote? Wa Dar watakwambia kwa Mkapa hatoki mtu. Wa Mbeya wanaitaja Sokoine, wa Mwanza wanakuja na Kirumba, Bukoba na Kaitaba yao, Songea na Majimaji. Kila mtu anavutia kwake. Na mimi navutia kwangu Ifakara, kwenye uwanja usio na jukwaa hata moja, usio na geti, na nyasi zake mbuzi ndio wanaozipunguza.

Usinicheke kwanza. Kwa Mkapa nimefika, tena siku ambayo hata asiyejua mpira anaikumbuka: tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars na Uganda. Toka Ifakara mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 400. Unapanda basi alfajiri, unakula vumbi la Kidatu, unapita Mikumi unawaangalia swala kupitia dirishani, unafika mjini mgongo umekufa. Tulilala kwa ndugu Temeke, kesho yake tukaingia mzunguko.

Hesabu ya siku ile ilikuwa ngumu. Ilibidi sisi tushinde, halafu Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Kwa hiyo jicho moja uwanjani, jicho jingine kwenye simu. Msuva akafunga. Kipindi cha pili Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akapiga la tatu. Kule kwingine wakatoka suluhu. Tanzania tukaenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Jamaa niliyekuwa naye, Yanga lialia ambaye hata soda nyekundu hanywi, nilimkuta amemkumbatia mzee wa Simba ambaye hamjui, wote wanalia.

Sasa niulize: uwanja ndio uliofanya vile? Ule uwanja umefunguliwa 2007, unachukua watu 60,000, na una njia ya kukimbilia inayowaweka mashabiki mbali na mstari. Nenda siku timu mbili za mkiani zinacheza katikati ya wiki. Ni viti vilevile na paa lilelile, lakini utamsikia kocha anavyomgombeza beki wake. Siku ya Uganda tulikuwa na kitu tunachokitaka wote, kwa wakati mmoja, na tulikuwa hatujui kama tutakipata. Mzuka ulitoka hapo.

Kama bado unabisha, kumbuka 2020. Corona ilipobana, Ulaya walicheza viwanja vitupu. Sisi Ifakara tulikuwa tunaangalia banda umiza kama kawaida, kwenye mabenchi ya mbao, bati la moto juu ya kichwa. Ligi ya Uingereza iliporudi, tukashangaa: viti vitupu, lakini kelele tunazisikia! Kumbe ni kelele za kurekodi, zinawekwa na watu wa televisheni. Viwanja vya mabilioni, na bado walilazimika kuazima sauti za watu. Mzee mmoja pale bandani akasema, "Huu ni msiba wenye muziki." Hakuna aliyembishia.

Twende sasa nyumbani.

Bonde la Kilombero lina ratiba yake. Masika maji yanajaa, watu wapo mashambani na mpunga wao, na viwanja vingine vinageuka madimbwi ya vyura. Mavuno yakiisha, mtu ana hela kidogo mfukoni na ana muda. Hapo ndipo ndondo zinapoanza. Mtaa na mtaa, bodaboda na wauza samaki, walimu na wauguzi. Kibaoni wanaitaka Lipangalala, Viwanjasitini wanamtaka yeyote. Zawadi ni jezi, mpira na mbuzi, na mbuzi mwenyewe anafungwa nyuma ya goli ili kila mchezaji amwone anachokipigania.

Mistari inachorwa kwa majivu. Ukuta hakuna, wewe shabiki ndiye ukuta. Bodaboda zinapangwa pembeni, watoto wamepanda mwembe, akina mama wana karanga na mihogo ya kukaanga, na kundi moja halikosi ngoma. Kwa mbali unaiona milima ya Udzungwa imevaa mawingu. Mchezaji akirusha mpira, mgongo wake unagusa tumbo lako. Ukisema neno, analisikia. Na yeye akikujibu, unalisikia pia, maana ni mtoto wa jirani na jana ulimpa lifti.

Zamani mashabiki wa ng'ambo ya mto walikuwa wanakuja huku roho juu. Mpira haujaisha, wao wanaangalia saa, wasije wakakikosa kivuko. Tangu daraja la Kilombero lizinduliwe 2018, wanakaa mpaka mwisho, wanabisha mpaka giza, na matusi yao ya kirafiki tunayapata yote. Hiyo nayo ni sehemu ya mzuka ambayo watu hawaihesabu. Shabiki mwenye uhakika wa kurudi nyumbani anashangilia tofauti.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakipo kwa Mkapa wala Sokoine. Kule tunakwenda kuwaita watu majina ambayo tayari wanayo. Chama alipowafunga AS Vita dakika za mwisho, Machi ileile ya 2019, uwanja mzima ulijua aitwe nani. Huku kwetu majina ndiyo yanazaliwa. Kuna beki tunamwita Geti. Kuna winga anaitwa Pepeta, kwa sababu anavyokuchezesha miguu ni kama mama anapepeta mchele. Jina hujipi mwenyewe. Unapewa na mstari wa majivu, siku moja, kwa jambo moja, watu wakiwa wamelishuhudia. Ukishapewa, hata benki wanakuita hivyohivyo.

Ndiyo maana kuna fainali moja haijanitoka kichwani.

Ilipangwa Jumapili saa 10 jioni, kama kawaida. Halafu ikagundulika kwamba siku hiyohiyo saa 11 kuna Simba na Yanga. Kamati ikakaa, ikarudisha mechi nyuma mpaka saa 8 mchana ili watu wawahi bandani. Jua la Ifakara saa 8 mnalijua nyie mliowahi kupita. Refa akachelewa, jezi zikachelewa, mpira ukaanza saa 9.

Kipindi cha kwanza watu walijaa. Mapumziko, wachache wakaondoka kuwahi mabenchi ya mbele. Dakika ya 60, bodaboda zikaanza kuwaka moja moja. Dakika ya 80, mpiga ngoma mwenyewe aliondoka, ngoma begani. Moja kwa moja. Dakika 90 zikaisha hivyohivyo, tukaenda penalti, na pale pembeni tukawa tumebaki watoto, akina mama wawili wanaofunga biashara zao, mimi, wazee kama sita, na mbuzi.

Kipa wa Lipangalala siku ile ni kijana anayeshinda mashineni kwenye mchele. Hakuwa na jina. Alikuwa anaitwa "kipa" tu. Alidaka mbili. Ya pili aliruka kushoto, akabadilisha mkono hewani, akautoa mpira kwenye kona ya juu. Mimi nimeangalia mpira mwingi, wa bandani na wa uwanjani, sijaona mkono kama ule. Akainuka, akakimbia kuelekea kwenye ile kona ambako watu wao husimama siku zote, mikono juu.

Akafika. Hapakuwa na mtu.

Alisimama pale sekunde kadhaa, akageuka, akarudi kwa wenzake taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kutoka upande wa barabarani tukasikia mlipuko wa kelele. Tukajua derby imeanza na kuna mtu amekosa goli.

Nilimkuta mashineni wiki ile ile. Nikampa hongera, nikamweleza nilivyouona ule mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, unga wa pumba umemjaa kwenye nyusi. Halafu akasema, "Kaka, wewe umeona. Lakini wewe ni mmoja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja bei ya kilo.

Nimelifikiria hilo neno sana. Sisemi watu waache Simba na Yanga, maana hata mimi ningekosa derby ningeumwa. Na pale bandani raha ipo, sikatai. Lakini ile televisheni ukiipigia kelele, haikusikii. Kibu hajui kama wewe wa Kibaoni umesimama juu ya benchi. Kipa wa mashineni angejua. Angeenda kulala na jina jipya, na kesho yake mteja angemwita kwalo huku akipimiwa mchele.

Watu wanadhani timu kubwa zinawachukua wachezaji wetu tu. Zinachukua pia washangiliaji, tena bila kulipa hata nauli. Hapo kwenye mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, Mtibwa Sugar walichukua ubingwa wa nchi 1999 na 2000 wakitokea kwenye mashamba ya miwa ya Turiani. Pale Manungu ukifika unakuta uwanja uko kijijini kabisa, na wakubwa wa Dar walikuwa wanakuja kuhangaika pale. Hawakuwa na viti 60,000. Walikuwa na watu waliotoka kazini, wakaenda kuwaangalia watu wao.

Kamati yetu siku hizi imejifunza. Kabla ya kupanga ratiba wanaangalia kwanza ratiba ya ligi kuu. Derby ikiwa Jumapili, fainali inapigwa Jumamosi. Wamepata na spika ya kufunga kwenye bodaboda, inazunguka mitaani toka asubuhi inataja timu na inataja mbuzi. Yule kijana bado anadaka. Bado anaitwa kipa.

Kwa hiyo nyie wa mjini mnaopanga orodha za viwanja bora, wekeni hata cha mtaani kwenu kimoja, halafu mtuambie mara ya mwisho mlikanyaga lini. Na kama kiangazi hiki unapita bondeni, kwenda Mahenge, kwenda Malinyi au kusalimia wazee tu, shuka Ifakara. Kiingilio hakuna. Mpira saa 10 kamili, ambayo ni saa 10 na nusu. Simama nyuma ya goli la upande wa mwembe, kuna kivuli, na hapo kipa anakusikia.