Hivi Yale Uliyoyaogopa, Yalitokea?

Hivi msomaji wangu, umeshawahi kukaa chini ukajiuliza yale mambo yote yaliyokukosesha usingizi mwaka jana yaliishia wapi? Nasema yale ya saa 8 usiku. Mwenzako anakoroma pembeni, wewe umekodolea macho dari, unapiga hesabu za kodi ya nyumba, mara ada, mara "hivi bosi aliponijibu vile leo alimaanisha nini?" Asubuhi unaamka umechoka kama mtu aliyebeba zege, na hakuna kilichotokea.

Mimi kwenye fani hii ni mkongwe. Mume wangu akiwa anarudi kutoka Mbeya, na mimi nimo ndani ya lile basi. Anapoanza kuteremka Kitonga na zile kona zake, nampigia, simu haipatikani. Basi! Ndani ya dakika 20 nimeshamzika, nimeshagombana na shemeji zangu kuhusu kiwanja na nimeshaamua Junior atahamia shule gani. Mara simu inaita. "Mama Junior, niko Ruaha Mbuyuni hapa, vitunguu vipo nyumbani au nichukue?"

Kumbe kuna watu walikaa wakayahesabu mambo haya. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Pennsylvania State University huko Marekani, Lucas LaFreniere na Michelle Newman, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa watu 29 wenye tatizo la wasiwasi uliopitiliza. Kwa siku 10 watu hao waliandika kila walichokihofia, kisha wakafuatilia kwa siku 30 waone kipi kitatimia. Asilimia 91.4 ya hofu zile hazikutimia. Na matokeo yaliyojitokeza mara nyingi zaidi kwa mtu mmoja mmoja ni kwamba hakuna hata moja iliyotimia. Ni watu 29 tu, sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia, lakini hao ndio wenye wasiwasi kuliko mimi na wewe!

Sasa kama karibu zote ni hewa, mbona hatujifunzi? Nadhani wasiwasi ni kama yule mlinzi wa getini anayelala usiku kucha halafu asubuhi anakwambia, "Mmeona bosi, hatujaibiwa." Kila jambo baya lisipotokea, wasiwasi unajipa sifa. Ulihofia, halikutokea, basi moyo unajua kuhofia ndiko kulikosaidia. Kesho yake zamu inaendelea, na mshahara wake ni usingizi wako.

Lakini tusichanganye wasiwasi na tahadhari. Unakumbuka kelele za kuingia mwaka 2000? Nilikuwa shule ya msingi, tukaambiwa kompyuta zitagoma, umeme utakatika, ndege zitaanguka. Usiku wa Desemba 31, 1999 ukapita na dunia ikaamka na uchovu wa sherehe tu. Watu wakacheka, lakini kuna wataalamu waliokuwa wamefanya kazi miaka kadhaa kurekebisha programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili. Wao walifanya kazi. Jirani yetu aliyejaza mishumaa chini ya kitanda alikuwa na mchecheto, kwa sababu kama ndege ingeanguka mshumaa ungesaidia nini?

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Thomas Borkovec, alikuja na dawa ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Tangu 1983 yeye na wenzake walipendekeza mtu atenge nusu saa kila siku, muda uleule na mahali palepale, ya kuwa na wasiwasi tu. Hofu ikija nje ya muda huo unaiambia isubiri. Mimi nimetenga saa 12:30 jioni, kibarazani, kitandani marufuku. Amini usiamini, nyingi zikifika saa hiyo zimeshapoa, na nyingine sizikumbuki kabisa.

Moja lakini lilitokea. Kwa miaka miwili nilihofia mkataba wa mume wangu kukatishwa. Nilikuwa na filamu nzima kichwani: atakuwa mkali, ataanza kunywa, mawifi watasema sasa mwanamke ndiye anayevaa suruali nyumbani. Alhamisi moja akarudi mapema na bahasha mkononi. Mradi umefungwa.

Tuliogopa, sikufichi. Tuliuza gari. Lakini hakunywa, hakunifokea, na wifi yangu mkubwa ndiye aliyeleta gunia la mchele bila kuombwa. Kilichoniuma ni kitu ambacho katika usiku wote ule sikuwahi kukiwazia hata dakika moja: mume wangu aliona aibu kuniomba nauli. Nilijua siku alipoingia ndani viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi, shati limelowa mgongoni. Alikuwa ametoka kwenye usaili, akatembea kwa miguu kutoka Ubungo mpaka kwetu Tabata. Na mimi nilikuwa na hela kwenye pochi.

Nilikaa na lile jambo siku mbili. Kumwambia "niombe tu" nisingeweza, maana kuomba ndiko kulikomshinda. Kumpa mkononi kila asubuhi kama mtoto wa shule, hilo nalo lingemmaliza. Nikachukua kopo tupu la maziwa, nikaliweka juu ya friji, nikatia elfu 30. Nikamwambia ni hela ya nyumba, anayetoka anachukua, anayepata anaweka, hakuna kuulizana. Aliliangalia kopo, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Asubuhi yake ilikuwa imepungua elfu mbili.

Ilichukua miezi saba kupata kazi nyingine. Siku ya mshahara wa kwanza hakuniambia lolote, nililikuta kopo limejaa mpaka mfuniko haufungi. Bado liko palepale juu ya friji. Tatizo ni kwamba Junior naye ameshaligundua, kwa hiyo sarafu siku hizi hazikai.