Beji ya Mtu Mwingine

Siku ya kwanza ya fildi, kwenye hoteli moja ya ufukweni Kiwengwa, Unguja, nilipewa sare na beji yenye jina la mtu mwingine. "Vaa tu, huyu kashaondoka," aliniambia msimamizi wa vyumba. Droo yake ilikuwa imejaa beji za namna hiyo. Basi wiki 8 nzima wageni waliniita kwa jina la kaka nisiyemjua.

Mada yangu ya utafiti ilikuwa hiyohiyo: kwa nini wafanyakazi wa hoteli hawadumu. Nilikwenda na dodoso la maswali 25 na nadharia ya Herzberg ya 1959, ile tunayoikariri kila mtihani: mshahara mbaya humkera mtu, lakini mshahara mzuri peke yake haumfanyi aipende kazi. Karibu wote waliweka tiki kwenye "nimeridhika". Wiki iliyofuata wawili kati yao wakaacha kazi. Ningeshangaa nini, na madodoso niliyagawa kupitia kwa meneja!

Ukweli niliupata kwenye basi la wafanyakazi, saa tano usiku, kwa mama mmoja wa dobi. "Mwanangu, mshahara mdogo tushauzoea. Kinachotutoa hapa ni Aprili." Masika ikianza wageni hupungua, sehemu ya hoteli inafungwa, watu wanaambiwa wakapumzike nyumbani bila malipo. Juni wanaitwa tena, wengine kwa mkataba mpya, kama vile hawajawahi kufanya kazi pale. Mwenye nyumba naye hajui masika, kodi anataka. Ndiyo maana kijana akipata kazi mjini inayolipa miezi yote 12, hata kwa pesa pungufu, anahama. Halafu meneja analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, huku mtu mwingine anaanza kufundishwa kutandika kitanda.

Yule mama amedumu miaka 9. Aprili anauza vitumbua.

Kwenye dodoso langu hapakuwa na swali hata moja kuhusu Aprili. Nimeliongeza kwa kalamu, la 26.

Siku ya kuaga, meneja alinipa namba yake: nikihitimu nimpigie, nafasi ipo. Nikamuuliza, "Na Aprili, bosi?" Akacheka. "Umeshaanza maneno ya wenzako."

Mahafali ni Novemba. Bumu limekwisha, nyumbani wadogo zangu wawili wananitazama mimi. Namba bado ninayo, sijapiga.