Kabla Simu Haijalia

Vijana wa Kikongo wanaosoma katika chuo kimoja cha Iowa humwita Papa, ingawa yeye ni mtu wa Mombasa. Alikwenda Marekani kusomea tiba ya michezo, akabaki huko huko akiwafunga plasta wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Mchezaji hukaa mezani, unyayo umekunjwa kuelekea juu; plasta hupita chini ya kisigino, ikapanda upande wa nje, safu juu ya safu, bila mkunjo. Mkunjo mmoja ukibaki, jioni kuna lengelenge, na kesho hakuna mazoezi.

Mezani hapo ndipo alipozisikia ndoto za drafti.

Kwa kawaida drafti ni Aprili, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, zinapochagua vijana kwa zamu katika raundi saba. Mwaka 2022 walichaguliwa 262, na wa mwisho kabisa alikuwa Brock Purdy wa Iowa State. Msimu wake wa pili aliifikisha timu ya San Francisco kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Kurt Warner, aliyecheza Northern Iowa, hakuchaguliwa na yeyote mwaka 1994. Alipanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka kubwa, na msimu wa 1999 akatwaa ubingwa na St. Louis Rams. Katika jimbo la Iowa habari hizi kila kijana anazijua, na Papa anaamini zinawajenga kuliko hotuba za makocha.

Maskauti, wasaka vipaji wa timu hizo, hupima mbio za yadi 40 na kunyanyua chuma cha kilo 102. Papa hutazama jambo jingine: kuna anayetaka kuitwa jina kwenye televisheni, na kuna anayetaka kucheza. Hawa wawili hufanana sana mpaka siku ya kuumia.

Anamkumbuka mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ambaye mama yake alifanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Kijana alitaka kumnunulia mama nyumba ili apate kulala usiku kama watu wengine. Kifundo kilipoteguka wiki chache kabla ya kupimwa na maskauti, alifika alfajiri chumba kikiwa bado kimefungwa. Alisimama kwa mguu mmoja juu ya mto laini, macho kayafumba, jasho likimtiririka. “Papa, mguu iko sawa,” alisema, huku ukitetemeka.

Raundi saba zikaisha bila jina lake. Simu ililia baadaye: timu moja ilimtaka kambini, bila dhamana ya nafasi. Kambi huanza na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti hubaki 53. Aliachwa.

Waliosema ndoto ile ilikuwa upuuzi walipata la kusema, na Papa aliwabishia wazi, hata mbele ya wakubwa wake. Ndoto hiyo ilimlipia kijana ada ya chuo na kumfundisha kuutunza mwili wake. Wiki iliyofuata alirudi mezani akiulizia mazoezi ya kifundo, maana ligi ya Kanada nayo ilikuwa ikitafuta watu.