Ukosi

Jumapili, Machi 9, 2025

Laiti nisingeifungua ile video.

Kijana wa mitambo ameirusha kwenye kundi la kwaya jioni hii. Kazi nzuri, wapendwa. Dakika 6 na sekunde 12. Kamera aliifunga kwenye nguzo, nyuma yangu, akaisahau pale. Soprano hawaonekani. Besi hawaonekani. Kinachoonekana ni mikono yangu inapepea kama ya mtu anayefukuza nyuki, na katikati kabisa, kikubwa kama sinia, kisogo changu.

Nilijua viko. Miaka 7 kidole kinapita pale kila asubuhi, kinahesabu. Lakini kidole kiliniambia ni vipele. Video inaniambia ni mkufu. Kutoka sikio hadi sikio, vinundu vinang'aa kwa jasho, viwili vya kati vimeungana vikawa kama harage.

Na kila Jumapili huwa nawapa waumini mgongo saa moja na nusu. Kwaresima ndiyo kwanza imeanza. Pasaka iko mbali.

Nimeitazama mara nne. Ya nne nilizima sauti.

Jumatatu, Machi 10

Matatu mbili za 23 nimeziacha ziende. Zilikuwa na nafasi mbele tu. Ya tatu nikapata kule nyuma kabisa, kiti kinachokurusha hadi darini kwenye kila tuta. Nyuma yangu hakuna mtu, ni kioo.

Makanga: "Mzee, songa mbele, kuna nafasi." Najua kuna nafasi.

Kutoka Kangemi hadi Museum Hill nimesoma visogo. 13. Kimoja tu kama changu, cha kijana aliyevaa sare za kampuni ya ulinzi. Ameketi karibu na dereva, kila mtu anamwona, amelala fofofo.

Alhamisi, Machi 13

Kazi yangu ni vichekesho. Mtu anayeficha shingo yake anakula kwa kupima shingo za wenzake. Tepe inazunguka, vidole viwili ndani ili mteja apumue, inchi 15 na nusu, inchi 17. Miaka 22 hapa Biashara Street, nasimama nyuma ya wanaume. Nyani haoni kundule, ndivyo wanavyosema, lakini huyu nyani ameajiriwa kuyatazama ya wengine.

Leo kaja yule wakili mnene wa kwenye runinga. Anavyo. Vikubwa kuliko vyangu, kimoja kinatoa maji. Akasema bila kugeuka, "Fundi, kola ishuke kidogo hapo nyuma. Hainipendi."

Hainipendi! Nikasema sawa, mkubwa. Nikaandika kitabuni: nyuma shusha robo inchi, kitambaa cha ndani laini. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Nimeandika hivyo hivyo kwa watu wengi. Robo inchi. Laini. Robo inchi. Hakuna aliyetaja sababu na mimi sikuuliza, tunaelewana kama wezi.

Jumamosi, Machi 15

Kwa kinyozi. Mashine namba sifuri, kisha wembe kwenye ukingo, kisha spiriti. Inawaka mpaka machozi. Kinyozi hajinyoi, chake hunyolewa na jirani wa duka la pili, ndiyo maana hukaa akinisikiliza kama mtu anayejua mateso.

Mwishoni hushika kile kioo cha pili nyuma yangu: "Mwalimu, safi?" Miaka yote hapo huwa nafumba macho na kutikisa kichwa. Leo nimefumbua. Kioo ndani ya kioo. Nikasema safi.

Nikamuuliza kama ninauliza habari za mvua: hivi huondoka? Akasema kuna wanaopaka ndimu na chumvi. Kisha akasema kuna mteja wake alikatwa na daktari, "ukanda mzima, Mwalimu, kama kipande cha chapati," na sasa anakuja kunyolewa ana shingo ya mtoto.

Shingo ya mtoto. Kipande cha chapati. Nimekosa chakula cha jioni.

Jumanne, Machi 25

Daktari, Hurlingham. Binti mdogo. Ameniita mzee.

Jina la ugonjwa ni maneno matatu ya Kilatini. Nimeyaandika mgongoni mwa risiti na sasa mwandiko wangu siusomi. Akasema watu huita keloidi, na keloidi, ati, ni gando la kaa kwa Kigiriki; daktari mmoja Mfaransa, Alibert, ndiye aliyelipa kovu jina hilo miaka 200 hivi iliyopita, kwa jinsi linavyotambaa na kung'ata ngozi nzima pembeni. "Lakini zako si keloidi halisi. Zinafanana tu." Hata ugonjwa nimepata wa kufanana.

Alinieleza vizuri, lazima niseme. Nywele zetu hujikunja tangu mzizini. Ukizinyoa chini kabisa, ncha inabaki kali, ikiota inapinda na kuchoma ngozi ileile ilikotoka. Mwili unadhani umechomwa na mwiba. Unavimba, unajenga kovu. Kabla kovu halijatulia, Jumamosi imefika, umerudi kwa wembe. Halafu msuguano.

"Unavaa kola ngumu?"

Nikatazama bango la ukutani. Mashati yangu yote nimeshona mwenyewe, kola ndefu kuliko ya mteja yeyote, ngumu kama kadibodi, ili ifunike. Ya wakili nimeshusha. Yangu nimepandisha.

Njia mbili. Sindano za steroidi ndani ya vinundu, wiki 4 baina ya moja na nyingine, miezi kadhaa. Vinanywea, huenda visiishe. Au kisu: anaondoa ukanda wote, na jeraha haliachi limeshonwa, analiacha wazi lijifunge lenyewe kutoka chini. Wiki 6 hadi 12. Wazi! Mimi fundi, sijawahi kukata kitu nikakiacha bila pindo. Akacheka, akasema ngozi si kitambaa.

Shilingi 85,000. Nikapiga simu kwa watu wa bima nikiwa bado kwenye ngazi. Urembo hatulipii, wakasema.

Urembo. Nimetembea na neno hilo kutoka Hurlingham hadi mjini, kwa miguu, nikishuka Valley Road kwenye jua. Mwanamume wa miaka 49, baba wa watatu, mwalimu wa kwaya. Mrembo.

Jumapili, Machi 30

Idd ni kesho. Juzi na jana tumeshona kanzu mpaka usiku. Mzee mmoja wa Lamu alikuja kujaribu yake, akapapasa nyuma ya shingo akasema, "Hapa ukosini panabana." Nikadhani anasema kola, kumbe kanzu ile haina kola. Alimaanisha shingo yake. Kiswahili cha kwao ni kimoja: ukosi wa shati ni ukosi, na ukosi wa mtu ni ukosi. Nimepiga pasi kanzu 11 kwa wivu. Vazi lisilo na kola!

Usiku nikamwambia mke wangu. Video, daktari, 85,000, yote. Alianza kwa kucheka. Halafu akanyamaza, akasema, "Unakumbuka Oktoba?"

Nakumbuka. Oktoba 2024, yule mwanamke aliyekwenda kupunguzwa mafuta hapa hapa Nairobi akafariki, baraza la madaktari likafunga kliniki. Nikamwambia ile ilikuwa kazi kubwa, hii ni ngozi ya juu tu, sindano ya ganzi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

"Na yeye aliondoka nyumbani akitembea, Baba."

Sikuwa na jibu. Baadaye, taa imezimwa: "Mimi nimelala nyuma ya hicho kisogo miaka 21. Hukuniuliza mimi."

Haya, nikauliza. Kikoje?

"Kinakoroma."

Jumatano, Aprili 9

Nimelipa arbuni. 20,000. Kisu, Alhamisi, Aprili 24, saa mbili asubuhi. Nimechagua wiki ya baada ya Pasaka makusudi, kwaya ikiwa mapumzikoni.

Pesa zilikuwa za mabati ya jikoni kwa mama, Kakamega. Alipiga simu jioni kuuliza kama mvua imeanza huku. Nikasema imeanza. Akasema na huko kwake imeanza. Hakusema zaidi. Hana haja.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Kuabudu msalaba. Foleni ilikuwa hadi nje. Kwaya ilipoenda, kumi kumi, nikabaki nikiongoza waliosalia, na kwa mara ya kwanza nikawa nimewatazama wao kwa nyuma. Mtu akipiga magoti kubusu msalaba, shingo yote inakuwa nje. Mwimbaji wetu mmoja wa tenori ana kovu la kisu ambalo hajawahi kulitaja. Mama wa alto ana nundu ya mzigo wa kuni, ile ya kamba na paji la uso, uti umepinda kwa miaka ya utoto wake. Kijana wa mitambo ana tarehe imechorwa kwa wino, sikuweza kuisoma.

Nikaenda wa mwisho. Nilipoinama nikasikia kola imekatika uzi. Kola yangu, kazi yangu.

Niliomba jambo la kipuuzi kabisa. Siliandiki.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21

Papa amefariki.

Ilikuwa saa tano kasoro robo hivi, nimekaa kibarazani na chai, simu ikaanza kulia kama mbuzi. Jana tu tulimwona kwenye runinga akitoa baraka, sauti haitoki. Fransisko. Wetu, tunasema hapa Kangemi, kana kwamba alizaliwa nyuma ya soko. Novemba 27, 2015, asubuhi, alikuja hapa. Si Karen, si Muthaiga. Hapa, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kwenye vumbi hili.

Kundi limejaa picha za siku ile. Moja imenishika. Imepigwa kutoka nyuma ya umati wa barabarani: bendera, simu juu, mbele huko nukta nyeupe ambayo ndiye yeye. Vingine vyote ni visogo. Nilikuwa pale, nakumbuka nilivyosimama, karibu na kibanda cha mahindi, na kibanda kinaonekana. Kwa hiyo nimo.

Nikaikuza. Mwaka ule nilikuwa na nywele, kisogo laini. Nilitaka kukiona, basi. Nimwonyeshe daktari: nirudishe hapa.

Mke wangu akaweka kidole: wewe huyu. Nikasema siye, huyu ana masikio makubwa. Binti yangu akasema huyu, wa shati la bluu. Sikuwa na shati la bluu. Mimi mwenyewe nikachagua mmoja, nikawa na hakika, kisha nikaona amebeba mtoto, na siku ile sikubeba mtoto. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Hatukunipata.

Jumatano, Aprili 23

Paroko anataka kwaya kwa misa ya kumwombea Papa. Mazoezi kila jioni kuanzia leo. Akanitazama: "Mwalimu, upo?"

Daktari alisema wiki mbili bila jasho wala kuinama, na bandeji pale nyuma, nene. Nikajiona mbele ya kanisa lililojaa na bandeji hiyo. Video nyingine.

Nikasema nipo.

Saa tisa nimepiga simu kliniki kuahirisha. Yule wa mapokezi akauliza hadi lini. Nikajikuta nasema: na zile sindano, bei gani? Nikasikia kalamu yake. Akasema ile arbuni inaweza kuhamishiwa kwenye sindano, itatosha tatu za kwanza, na kinyozi nisahau kabisa kwa sasa.

Sijui kama ni busara au woga. Mke wangu anasema ni mabati. Labda. Kisu bado nakitaka, nisijidanganye. Nikiwa peke yangu bafuni na vioo viwili, nakitaka.

Jumamosi, Aprili 26

Mazishi yametazamwa kwenye runinga ya jirani, nyumba imejaa, mimi nimekaa mbele kwa sababu mbele ndiko kulikobaki nafasi. Jeneza la mbao tu.

Siku 12 sijanyoa. Pembeni mvi, utosini hakuna kitu, nyuma panawasha vibaya mno. Binti yangu anasema nafanana na babu.

Usiku huu nimefumua kola za mashati matano. Nimetoa kadibodi yote. Nyuma nimeshusha robo inchi.

Sindano ya kwanza ni Jumanne, Mei 6, saa tatu asubuhi. Nimeiandika kwenye kitabu cha dukani, chini ya suti ya wakili, ambayo anaichukua siku hiyo hiyo.