Maji Yangu Nimeyapeleka Wapi?

Shamba langu la Pasiansi liko mtelemkoni, chini ya majabali, na udongo wake ni luseni, yaani mchanga mwepesi. Mwaka wa kwanza nalilima sesa, maana nalikuwa na haraka ya kurudi shuleni. Mvua kubwa iliponyesha, uso wa shamba ukashikamana kama sakafu. Maji yakatelemka ziwani pamoja na udongo mzuri, na juma moja la jua likatosha kuyanyausha mahindi. Tulikula mihogo ya kuazima.

Mama hakunicheka. Aliniuliza tu, “Mwanangu, maji yako umeyapeleka wapi?”

Mwaka wa pili nikapiga matuta ya kukingama mtelemko, nikafukia majani ndani yake kama wafanyavyo wazee wa Kisukuma. Tena nikaifunga mifereji kwa vituta vidogo, jinsi wataalamu wa Ukiriguru walivyojaribu kabla ya 1950. Maji yakakaa, yakazama. Mahindi yakazaa vema. Lakini kule chini, penye udongo mzito, maji yalituama mno hata mahindi yakageuka manjano. Huko nalivifungua vile vituta kwa jembe, usiku, mvua ikinyesha.